Bandari Inayohama: Kisa cha Mifuko 200 ya Saruji, Mbeya hadi Lupingu

Mfuko wa saruji ulioganda una sauti yake. Mzima ukiupiga ngumi unabonyea na kunyamaza. Ulioganda unajibu kama mlango. Siku ile, ndani ya stoo ya mabati kule Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, niligonga mifuko 200 mmoja baada ya mwingine, na 31 ikanijibu.

Nauza vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, jijini Mbeya. Form Six nilisoma jiografia nikitegemea itanifikisha chuo kikuu. Imenifikisha kwenye misumari na mabati, na silalamiki. Ila kila niliyemsimulia kisa hiki ana mkosaji wake tayari. Mke wangu anamlaumu mwenye stoo. Dereva wa fuso anamlaumu mwenye chombo. Mzee mmoja wa sokoni, ambaye hulaumu serikali hata mvua ikichelewa, aliilaumu serikali. Mimi nimekaa na kisa hiki muda mrefu, nimekwenda Kyela mara nne zaidi kwa ajili yake, na naona wote wamegusa pembeni. Nitaeleza kilichotokea kwanza, halafu niseme ninavyokielewa.

Mambo yalivyokwenda

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa moja la Lupingu, pwani ya Ludewa mkoani Njombe, alinipigia simu. "Kaka, tunataka mifuko 200. Mafundi tumeshawaita, tunawalisha. Wiki mbili isipite." Mifuko 200 ya kilo 50 ni tani 10, mzigo wa fuso moja bila kusumbuka.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni barabara mwanzo hadi mwisho: Mbeya, Makambako, Njombe, Ludewa, kisha kuteremka ukingo wa milima hadi ziwani. Ni zaidi ya kilomita 400, na kile kipande cha mwisho ndicho kinachompima dereva. Nilimuuliza mwenye fuso ninayemwamini. Akafikiri kidogo, akasema, "Kushuka nashuka na mzigo wako, bosi. Kupanda, wakati huu wa mvua za kwanza, sijui kama nitapanda na gari." Akataja bei ambayo ingekula faida yangu yote na ya mwenyekiti pia.

Ya pili ni ziwa. Mbeya hadi Kyela ni kama kilomita 120 za lami: unapita Uyole, unakata baridi ya Tukuyu katikati ya chai na migomba, halafu unaporomoka hadi kwenye joto la minazi na michikichi. Kutoka pale hadi Lupingu kwa maji haifiki kilomita 100. Kwenye karatasi mtoto wa darasa la tano angechagua ziwa, na mimi nikachagua ziwa.

Fuso ilifika ufukweni Jumanne asubuhi. Nilikuwa nimekubaliana na mwenye chombo kimoja binafsi kinachobeba mizigo ya vijiji vya pwani. Chombo kilikuwepo, lakini mbali, hatua nyingi kutoka ukingoni, kikipakiwa kwa mitumbwi. Maji yalikuwa yameshuka. Kikipakia mzigo wote kikiwa karibu, kitakaa juu ya mchanga. Kikipakia mbali, kila mfuko lazima upande mtumbwi kwanza, na wabeba mizigo wanataka malipo mara mbili. Waliotangulia walikuwa na soda, sukari, magodoro na mabati, vitu vinavyovumilia mtumbwi. Saruji haitaki mtumbwi unaovuja. Nikaambiwa safari ijayo.

Safari ijayo ikawa siku sita baadaye. Nikakodi stoo nje ya eneo la bandari, nikapanga mifuko juu ya mbao, nikafunika turubai, nikarudi dukani. Siku ya tatu mvua ya kwanza ya msimu ikashuka. Mvua ya Kyela haina mzaha. Uwanda ule na miteremko ya Rungwe iliyo nyuma yake ni miongoni mwa sehemu zinazonyeshewa kuliko zote nchini, milimita zaidi ya 2,000 kwa mwaka. Maji hayakutoka juu, turubai lilishika. Yalitoka chini, yakapita kati ya mbao, yakaingia safu ya chini kimya kimya. Chombo kilipokuja, injini ikasumbua siku mbili zaidi. Mifuko 169 ikafika Lupingu siku ya kumi na tano tangu simu ile. Mafundi walikuwa wamekula ugali wa kamati kwa wiki nzima bila kushika mwiko.

Kijana mwenye mwanzi

Siku ile ya mitumbwi nilisimama na kijana mmoja mvuvi aliyekuwa na mwanzi mrefu wenye alama za kisu. Aliuchomeka majini, akautoa, akanionyesha. Nusu ya chini ilikuwa na tope la kijivu, laini kama uji uliopoa, na ndani yake vipande vya majani na punje nyeusi zinazong'aa.

"Kiuno," akasema.

"Kiuno cha nani?"

Akacheka. "Changu, kaka. Mwezi wa tano hapa ni kifua, au shingo. Sasa hivi ni kiuno. Mwaka ule mwingine ilikuwa goti."

Hivyo ndivyo anavyopima: goti, kiuno, kifua, shingo. Nikamuuliza zile punje nyeusi ni nini. "Zinatoka juu," akasema, akinyoosha kidevu kuelekea kaskazini, ambako siku ikiwa safi unauona mlima Rungwe umekaa na mawingu yake. Nikakumbuka darasani. Rungwe ni volkano, karibu mita 3,000, na udongo wake ni majivu na mawe yaliyooza. Kila tone linaloanguka kule linateremka kwa Kiwira, Mbaka au Lufilyo hadi ziwani, ambalo liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mteremko ni mkubwa, umbali ni mfupi. Mto unaokimbia hivyo hubeba kila kitu, na ukifika mahali tambarare unachoka ghafla na kutua mzigo.

Uwanda mzima wa Kyela ni mzigo uliotuliwa hivyo, mwaka baada ya mwaka, hadi ziwa likarudi nyuma. Ndiyo maana mpunga unastawi pale, na mchele wa Kyela una jina hadi Kariakoo. Mchele ule na mchanga wa gatini ni watoto wa baba mmoja. Huwezi kumpenda mmoja na kumshangaa mwingine.

Kina kiko wapi

Ukisimama Matema ukatazama mashariki utaona kinyume cha haya yote. Milima ya Livingstone inaingia ziwani kama ukuta. Hakuna uwanda wala tope; kuna jiwe, kisha maji yanayogeuka buluu nzito hatua chache kutoka ufukweni. Ziwa hili, ambalo lina urefu wa kilomita zaidi ya 550, lina kina kinachofika takriban mita 700 pale penye kina zaidi. Meli yoyote ingetia nanga chini ya milima ile bila kuuliza mtu mwenye mwanzi.

Lakini ukiwa na meli chini ya ukuta, mzigo unatoka wapi? Vijiji vya pwani ya Ludewa, kuanzia Lumbila, Kilondo, Makonde na kuendelea kusini, vimeishi kwa kutegemea maji kwa sababu mgongoni mwao kuna mlima. Mgonjwa, mwalimu mpya, shehena ya vitabu, vyote vimekuja kwa chombo.

Hapo ndipo ninapopata mkosaji wangu. Kwenye kona hii ya kaskazini ya ziwa, penye kina hapana nchi nyuma yake, na penye nchi hapana kina. Bandari zote zilizowahi kuwekwa hapa zimehama kati ya hali hizo mbili, na saruji yangu iligandia katikati.

Ushahidi wa kwanza ni Wajerumani. Walipofika mwanzoni mwa miaka ya 1890 walijenga kituo chao kikuu cha ziwani Lumbila, wakakiita Langenburg. Walifuata kina. Meli yao, Hermann von Wissmann, iliingia majini mwaka 1893, na njia iliyopita inaeleza mengi: haikutoka Dar es Salaam, ingawa Dar ilikuwa yao. Ilikuja vipande vipande kutoka bahari ya Msumbiji, kwa mto Zambezi na kisha Shire, ikashushwa na kubebwa kwa vichwa vya watu pale mto unaporuka maporomoko, ikaunganishwa tena upande wa ziwa. Ziwa Nyasa lina mlango mmoja tu wa maji, nao uko kusini. Sisi wa kaskazini tuko uani.

Lumbila hawakudumu. Kina walikipata, lakini watu, chakula, hewa nzuri na ardhi ya kulimwa vilikuwa juu, Unyakyusani. Karne ilipogeuka makao yakahamia Tukuyu, iliyoitwa Neu Langenburg, na ile ya Lumbila ikawa Alt Langenburg, "ya zamani". Bandari ya kuihudumia Tukuyu ikabidi iwe uwandani, na enzi za Waingereza Mwaya ndiyo iliyokuwa ikitajwa, stima zikisimama pale. Baadaye Itungi, kilomita chache kutoka mji wa Kyela. Na mchanga ulipoizidi Itungi, shughuli nyingi zikasogea Kiwira. Lumbila, Mwaya, Itungi, Kiwira: majina manne kwa karne moja na kidogo, kwa kazi ileile. Sijui bandari nyingine nchini iliyohama hivyo. Ukimwambia mtu wa Dar kwamba Mbeya ina bandari anadhani unazungumzia bandari kavu. Ukimwambia inahama, anakuomba umwonyeshe unachokunywa.

Kidogo kuhusu mzinga wa 1914

Siwezi kuipita meli ile bila kusema mwisho wake, maana watoto wetu wanafundishwa Sarajevo na hawafundishwi Liuli. Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeanza tu, Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo kwenye ghuba ya Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba unaofanana na Sphinx wa Misri. Nahodha Mjerumani, Berndt, na nahodha Mwingereza wa meli Gwendolen, Rhoades, walikuwa wakinywa pamoja kila walipokutana bandarini. Tarehe 13 Agosti Rhoades akaja na kufyatua mzinga. Berndt hakuwa na habari ya vita. Akaruka kwenye mtumbwi, akapiga makasia hadi kwa rafiki yake, akimfokea kama amelewa. Akachukuliwa mateka. Tukio lile mara nyingi huhesabiwa kama ushindi wa kwanza wa Waingereza majini katika vita ile yote.

Nimelileta kwa sababu moja. Kwa nini meli ilikuwa Liuli? Kwa sababu Liuli ni ghuba. Kule kusini, kuanzia Liuli hadi Mbamba Bay, pwani imejikunja na kuweka mikono yake mbele ya upepo, na chombo kinatulia. Kona yetu ya Kyela haina ghuba. Iko wazi, uso kwa uso na kusini.

Mwera

Watu wa Mbeya wasioshuka ziwani hudhani ziwa ni bwawa kubwa. Kuanzia karibu mwezi wa tano hadi wa nane upepo wa kusi, ambao wavuvi wanauita mwera, unavuma kutoka kusini kwa siku kadhaa mfululizo. Ziwa limelala kusini kaskazini. Wimbi likizaliwa chini huko Malawi lina mamia ya kilomita za kukua bila kizuizi, na linapofika mwisho wa ziwa, mwisho wenyewe ni sisi. Mwaka 1946 meli Vipya ya upande wa Nyasaland, Malawi ya sasa, ilizama katika hali mbaya ya hewa, ikafa nayo watu 145. Wazee wa pwani bado wanaitaja wanapomkataza kijana kuondoka na mtumbwi jioni.

Sasa tazama kalenda ya mfanyabiashara anayetaka kutumia ziwa. Maji hupanda na kushuka kama mita moja kila mwaka: hufika juu karibu mwezi wa tano mvua zikiisha, hushuka hadi chini kabisa mwisho wa mwaka kabla mvua mpya hazijajaza. Mwezi wa tano hadi wa nane gati lina maji mazuri, lakini mwera upo. Mwezi wa tisa hadi wa kumi na mbili mwera umetulia, lakini gati halina maji. Mwezi wa kwanza hadi wa nne maji yanapanda, lakini mito inatapika mchanga na barabara za uwandani zinafunikwa. Hakuna mwezi usio na kasoro, unachagua kasoro unayoweza kuilipia. Mimi nilichagua mwezi wa kumi na moja bila kujua kwamba nachagua chochote.

Na hiyo ni kwa mwaka mmoja tu. Ziwa lina mihula mirefu zaidi. Karibu mwaka 1915 mdomo wa Shire ulizibwa na mchanga, mto ukaacha kutoka kwa takriban miaka ishirini, na ziwa likapanda mita kadhaa. Karibu mwaka 1980 likawa juu sana, mashamba ya kando yakaliwa. Katikati ya miaka ya 1990 likashuka tena sana. Gati linajengwa kwa zege, nalo linategemea ziwa lisilokaa mahali pamoja.

Mzigo umegeukia wapi

Hata hivyo mchanga peke yake hautoshi kueleza. Bandari nyingi duniani zina mchanga, na mahali penye mzigo wa kutosha pesa za kuuchota hupatikana. Swali linakuwa: mzigo wa Kyela unakwenda wapi?

Unapanda juu. Kokoa ya Kyela haipandi meli, inapanda lori kwenda Mbeya na Dar. Mchele vilevile. Tangu reli ya TAZARA ikamilike katikati ya miaka ya 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na barabara kuu ya Zambia sambamba nayo, uchumi wa nyanda za juu kusini umegeuza uso kaskazini mashariki. Reli ilipita Mbeya ikaelekea Tunduma. Haikugusa ziwa. Nadhani hilo lilikuwa uamuzi mkubwa kwa bandari hii kuliko uamuzi wowote uliowahi kufanywa kuhusu bandari yenyewe.

Mfano mzuri ni Malawi. Miaka ya 1980 vita vya Msumbiji vilipofunga njia zake za reli za kwenda Nacala na Beira, Malawi ikageukia Dar. Mafuta na bidhaa zikaja kwa TAZARA hadi Mbeya, ambako waliweka kituo chao cha mizigo, kisha zikapakiwa kwenye malori, zikashuka Kyela, zikavuka mpaka Kasumulu. Shehena ya nchi nzima ilipita kilomita chache kutoka Itungi, na haikugeuza usukani kuingia bandarini. Iliendelea kwa barabara kwenda Karonga, na iliyotaka ziwa ililikuta upande ule, Chilumba. Hapo ndipo ningemwonyesha yule mzee wa sokoni kama angekuwa na subira ya kusikiliza.

Kinachobaki bandarini ni biashara ya pwani yenyewe: saruji, mabati, soda, bia, unga na sukari kwenda, usipa (dagaa wa ziwa hili), mihogo na vyungu kurudi. Vyungu vya Wakisi ni shehena ya kipekee. Wanawake wa Ikombe na vijiji vya jirani wanafinyanga, wanachoma, wanapanga kwenye mtumbwi kimoja ndani ya kingine na majani makavu katikati, wanavileta mnada wa Matema. Niliwahi kumsaidia mama mmoja kushusha. Akanizuia mkono: "Baba, usikishike mdomo. Kishike tumbo." Nikashika tumbo. Mtumbwi mzima haukuvunjika chungu hata kimoja, na mimi na stoo yangu ya mabati nilipoteza 31.

Meli zipo. Zamani zilikuwepo MV Songea na MV Iringa. Mwaka 2017 zikaingia MV Njombe na MV Ruvuma, za mizigo, tani 1,000 kila moja, na baadaye MV Mbeya II inayobeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Zilijengwa palepale Itungi na kampuni ya Songoro kutoka Mwanza, kwa sababu ileile iliyowalazimu Wajerumani kuunganisha yao ziwani: hakuna meli inayoweza kuingia Ziwa Nyasa ikiwa nzima. Nimepanda MV Mbeya II kwenda Matema siku ya utulivu. Ni meli safi, na wamama wa pwani wanaijua ratiba yake kuliko kalenda ya kanisa. Lakini hesabu ya tani 1,000 inanisumbua. Hizo ni fuso mia moja kama yangu. Vijiji vya Ludewa vyote vikijenga makanisa mwaka mmoja havitajaza. Meli ya ukubwa huo inahitaji makaa ya mawe, klinka (malighafi ya saruji), mbolea, mzigo wa kiwanda kwa kiwanda.

Mpaka nao una mkono wake, nitaupitia haraka. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890 ndio Malawi inaoushika ikisema mpaka uko ufukweni kwetu. Sisi tunasema uko katikati ya maji. Mwaka 2012 maneno yakawa makali, wakaitwa wasuluhishi. Vyombo vinaendelea kwenda, samaki wanaendelea kuliwa pande zote mbili.

Ninavyoona

Wengi wanasema dawa ni kuchota mchanga. Kuchota lazima, sibishi, lakini ni sawa na kufagia chini ya mwembe: hufagii mara moja. Na anayefagia bila kuangalia juu atafagia milele, maana kilimo cha kwenye miteremko ya Rungwe na kingo za mito ndicho kinachoongeza mzigo wa mito ile. Bajeti ya gati la Kiwira inaanzia shambani Tukuyu.

Wengine wanasema ihamishiwe Matema. Zamani ningecheka, kwa sababu barabara ilikuwa tope. Sasa lami ya kutoka Kikusya kupitia Ipinda imefika Matema, na kwa mara ya kwanza tangu Wajerumani waondoke Lumbila, barabara nzuri na maji marefu vimekaribiana. Hoja ya zamani ya kubaki uwandani imekufa nusu. Iliyobaki hai ni mwera: Matema iko wazi kabisa, na gati pale litahitaji ukuta wa kuvunja mawimbi, jambo la gharama, mbele ya ufukwe ambao watu wa utalii wanaulinda kwa wivu. Ningependa wataalamu wapime kule chini ya mlima, upande wa Ikombe, kabla hatujamwaga zege zaidi kwenye tope. Naweza kuwa nimekosea. Mimi muuza misumari.

Wakati huohuo kusini mambo yanasogea. Barabara ya lami kutoka Mtwara kupitia Songea na Mbinga imefika Mbamba Bay, na bandari mpya inajengwa pale, kwenye ghuba, na bahari ya Hindi mgongoni kwa barabara. Mbamba Bay ina kina, ina hifadhi ya upepo, na sasa ina barabara. Vitu vitatu ambavyo Kyela haijawahi kuvipata pamoja. Mfanyabiashara wa Songea anaweza kufika Lupingu kwa kupanda ziwa kabla yangu mimi ninayeshuka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi zaidi ya mifuko 31, maana mwenyekiti wa kamati ana akili na ana simu.

Kuhusu mifuko yenyewe: hasara tuligawana. Yeye aliona alinibana na muda, mimi niliona nilipanga saruji juu ya mbao tupu badala ya kuinyanyua juu ya matofali, kosa la mtu aliyezoea stoo ya Mwanjelwa kwenye ardhi kavu. Mwenye stoo hakulipa kitu. Iliyoganda niliivunja kwa nyundo, wakaitumia vijana wa jirani kujaza shimo mbele ya mlango wa ile stoo, kwa hiyo mwenye stoo alipata faida.

Mwenyekiti sasa anataka mabati ya kuezekea. Nimemwambia asubiri. Yule kijana mwenye mwanzi nimempa kazi ndogo, kila Jumamosi ananitumia meseji ya neno moja, nami namrushia hela ya vocha. Mwezi wa pili aliandika "kiuno" mara tatu. Mwezi wa tatu akaandika "tumbo", kipimo ambacho hakikuwepo, nikampigia kuuliza akasema maji yako katikati, asingetaka kunidanganya. Juzi ameandika "kifua", na chini yake, bila kuulizwa, "mwera bado", yaani haujaanza. Nimempigia mwenye fuso. Tunapakia Jumatatu.